Siri ya Kontroli Boksi

Ndugu msomaji, darasani mwetu wananiita Fundi. Hata walimu wengine wamelishika jina hilo. Juzi kengele ya umeme ilipokataa kulia, mwalimu wa zamu alisema, "Niitieni yule Fundi wa kidato cha tatu." Wenzangu hudhani jina hilo nililipata kwa ujuzi. La hasha! Nililipata kwa kosa, na kosa lenyewe nililificha kwa muda wa siku tisa. Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike juu ya kompyuta za magari, nilimwambia nitaandika, ila sitaweza kueleza habari za kompyuta bila ya kuieleza na aibu yangu. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Nianze na gari lenyewe. Mjomba wangu, nduguye mama, ana matatu moja tu, Toyota Hiace ya dizeli ya viti kumi na vinne. Kutoka alfajiri hadi magharibi huenda Kisii na kurudi Nyamira. Gari hilo ndilo shamba letu. Mama ana majani chai kidogo hapa Sironga, lakini bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka, nalo tumbo halingoji bonasi. Pesa zangu za chakula cha mchana shuleni, sare, viatu, pamoja na dawa za presha za nyanya, zote hutoka katika gari hilo. Isitoshe, mjomba alilinunua kwa mkopo wa sako, na mkopo haujui kama leo abiria walikuwako au hawakuwako.

Mwaka jana katika muhula wa pili gari lilianza kuchoka. Mahali tambarare lilikwenda vizuri, lakini mlimani, na nani asiyevijua vilima vya Gusii, lilipanda kama ng'ombe mgonjwa huku likitoa moshi mweusi tititi. Dizeli ilikuwa ikiisha upesi. Abiria wakaanza kulikwepa pale steji. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi alimwambia makanga mbele ya watu wote, "Hiyo yenu inapanda mlima ikiomba Mungu. Mimi nangoja ile ingine." Mjomba akabadilisha chujio la dizeli, akabadilisha na chujio la hewa. Wapi! Hali ikawa ni ile ile.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa kutazama video za magari katika simu ya mama. Humo nilikuwa nikiona vijana wakiunganisha kipakatalishi, au laptopu kama tusemavyo mtaani, chini ya usukani wa gari. Baada ya dakika kumi gari linaruka kama swara. Nikasikia kuna kijana mmoja anayezunguka na laptopu yake akifanya kazi hiyo. Nikamwendea mjomba jioni moja akihesabu pesa.

"Mjomba, hii gari haitaki spana. Inataka kuflashiwa."

Mjomba akacheka. "Kuflash? Si kuflash ni ile ya simu, mtu anakupigia halafu anakata ndiyo umpigie wewe?"

"Hapana, mjomba. Hii ni ya kompyuta. Wanaiwekea nguvu."

"Nguvu inatoka wapi?"

Sikujua inatoka wapi. Lakini badala ya kusema sijui, nilisema kwa sauti ya mtu mzima, "Inatoka kwa programu." Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Mjomba aliacha shule darasa la saba, na mimi kwake ni msomi. Aliniamini. Wakakubaliana na yule kijana shilingi 12,000, nusu kwanza, nusu kazi ikiisha.

Kijana alikuja Jumamosi jioni. Alikuwa na umri kama wa miaka ishirini na miwili, mpole, amebeba mkoba mgongoni. Gari lilikuwa limesimama uani kwa nyanya. Akaunganisha waya, akafungua swichi bila ya kuwasha injini, akabofya hapa na pale, kisha akaiweka laptopu juu ya kiti cha dereva. Mvua ya alasiri iliyokuwa imechelewa siku hiyo ikaanza kupiga mabati kwa kishindo. Nyanya akamwita kijana aingie ndani anywe chai. Akaniambia, "Kaa hapa. Mtu asiguse kitu chochote mpaka hii namba ifike mia moja." Nikaitikia.

Muda si muda, wenzangu wawili waliokuwa wakitoka kupeleka chai kituoni walikuja mbio kujikinga mvua ndani ya matatu. Wakaniuliza kinachoendelea. Lo! Ndugu msomaji, kiburi ni kitu kibaya. Nikaketi kama rubani. Nikawaeleza nisiyoyajua. Kisha, ili wajue kwamba gari ni letu, nikawasha taa kubwa, nikafungua na muziki. Mnayajua yale maspika ya matatu. Kwa muda wa nusu dakika hivi gari lote lilitetema. Halafu nikatupa jicho kwenye laptopu. Namba ilikuwa imesimama kwenye 63. Haikusonga tena. Nikazima muziki, nikazima taa, jasho likinitoka katika baridi ile. Kijana aliporudi alikuta maandishi mekundu.

Alijaribu tena na tena hadi saa tatu usiku. Gari halikuwaka. Injini ilizunguka tu, haikushika. Mjomba akaja, makanga akaja, majirani wakaja. Kijana alisema hata yeye haelewi, hii haijawahi kumpata. Makanga akamwita mwizi. Mwishowe walishika laptopu yake iwe rehani, wakamwambia asirudi bila ya dawa ya gari. Akaondoka kwa miguu katika mvua, mkoba mtupu mgongoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Sikusema neno.

Laptopu ile iliwekwa chini ya kitanda cha nyanya. Mimi hulala chumba hicho hicho. Kila usiku nilipozima taa nilijua iko pale.

Siku zikapita. Gari halikwenda Kisii. Mjomba alikuwa akiamka alfajiri ile ile kwa mazoea, anakaa ndani ya gari kidogo, kisha anatoka. Siku ya sita nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za chakula. Mwalimu wa darasa aliniuliza kwa upole, "Kwani kuna nini kwenu siku hizi?" Nikajibu, "Gari ya mjomba iliharibiwa na mtu wa kompyuta." Nilipotamka maneno hayo nilihisi ulimi umekuwa mzito. Nyanya naye alianza kumeza kidonge kimoja badala ya viwili ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Siku ya tisa madereva wenzake mjomba walilivuta gari kwa kamba hadi gereji moja ya jua kali mjini Kisii, ya mzee mmoja na binti yake. Mzee ni fundi wa injini wa tangu zamani. Binti amesomea umeme wa magari katika chuo cha kiufundi. Ilikuwa Jumapili, nami nikaenda nao. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo somo linapoanza.

Binti huyo, ambaye nilimwita dada fundi, aliunganisha mashine yake chini ya usukani, akatikisa kichwa. "Kontroli boksi haijibu." Kisha akamgeukia mjomba: "Ilikuwa inaflashiwa?" Mjomba akakubali. Alipoona namtazama sana, aliniuliza nasoma kidato gani, na kama nakijua kile kitabu cha majedwali ya hisabati. Nikamwambia ninacho, hakina jalada.

"Basi kontroli boksi ni mwanafunzi mwenye kitabu kama hicho," akasema. Akanieleza kwamba ndani ya boksi ile mna namba zilizopangwa kwa safu. Ukishuka upande wa kushoto unakuta mwendo wa injini, yaani inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ukienda kulia unakuta dereva amekanyaga kiasi gani. Mahali safu hizo mbili zinapokutana ndipo lilipo jibu: nozeli imwage dizeli kiasi gani, na wakati gani hasa. Liko jedwali jingine la shinikizo la taabo, jingine la injini ikiwa baridi, na kadhalika. Habari za nje boksi huletewa na vipimio, ambavyo mafundi huviita sensa: sensa ya mzunguko wa injini, ya hewa inayoingia, ya joto la maji, ya pedali, ya shinikizo. Sensa zinauliza, jedwali linajibu.

Baadaye nilipiga hesabu nyumbani. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 1,500. Zidisha kwa nne upate 6,000 kwa dakika, sawa na mara 100 kwa sekunde. Mwanafunzi huyo hufungua kitabu chake mara 100 kwa sekunde wala hachoki.

"Sasa, kutyuni ni kubadilisha namba za jedwali," dada fundi akaendelea. "Tuseme mahali fulani pameandikwa 40, mtu anaandika 44, dizeli inaongezeka. Na kuflashi ni kuziandika hizo namba mpya ndani ya boksi."

Alinieleza kwamba zamani kazi hiyo ilifanywa kwa bisibisi, fundi akikaza na kulegeza skrubu za kabureta au za pampu ya dizeli kwa kusikiliza kwa sikio. Kisha zikaja kompyuta zenye chipu iliyong'olewa na kufutwa kwa miali ya urujuanimno ndipo iandikwe upya. Katika miaka ya 1980 Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba akabuni kumbukumbu inayofutwa kwa umeme, kwa mkupuo mmoja. Mwenzake aliona ufutaji huo ni kama mmweko wa taa ya kamera, ndipo ikaitwa flash. Nikamgeukia mjomba na kumwambia, "Kumbe jina limetoka kwa kamera, si kwa simu." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kwa siku tisa.

Lakini tabasamu langu halikudumu. Dada fundi alisema, "Hatari ya kuflashi ni hii. Lazima ufute ndiyo uandike. Ni kama mwalimu anayefuta ubao kabla ya somo jipya. Katikati pale, la zamani limeshafutika na jipya halijafika. Umeme ukiyumba wakati huo, umebaki na ubao nusu." Akaongeza kwamba boksi huwa na jumla yake ya kujikagua, kama vile makanga anavyojumlisha pesa jioni. Namba zote zinajumlishwa kwa njia maalumu, na jumla isipolingana na ile iliyoandikwa, nyingi hukataa kufanya kazi.

"Umeme unayumbaje na betri iko?" mjomba akauliza.

"Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, ina volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya 12 ina njaa. Mtu wa kuflashi anatakiwa aweke chaja ya kushikilia betri. Huyo wenu aliweka?"

"Sikuona chaja."

"Na kulikuwa na kitu kingine kinakula moto? Taa? Redio?"

"Hapana," mjomba akajibu. "Kijana wangu huyu alikuwa ndani anachunga."

Kijana wangu huyu! Neno hilo lilinichoma kuliko kofi. Nilitoka nikaenda nyuma ya gereji penye magurudumu ya zamani. Nilijiambia kwamba hata ningesema, gari halingewaka kwa maneno. Nilijiambia kwamba kosa ni la kijana kwa kutoweka chaja, na kweli hakuiweka. Lakini nilikumbuka laptopu chini ya kitanda, na mtu anayeitwa mwizi Nyamira nzima. Nikapiga moyo konde nikarudi. Mjomba alikuwa ameketi juu ya debe, anakula chapati kwa maharagwe.

"Mjomba, nilifungua muziki. Na taa kubwa. Ikiwa sitini na tatu."

Hakuinua macho. Akamega chapati, akaiweka tena ndani ya sahani. "Ulijua siku hiyo hiyo?"

"Nilishuku, mjomba."

"Siku tisa."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige. Mzee fundi alijifanya anatafuta spana. Mjomba akanyamaza kitambo kirefu, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Huyo kijana wa laptopu, unajua kwao?" Nikamwambia najua. "Basi," akasema, akaniachia ile chapati iliyobaki. Sikuweza kuila.

Kazi ilichukua siku mbili, na yaliyotukia siku ya pili nilisimuliwa na mjomba kwa kuwa mimi nilikuwa darasani. Dada fundi alimweleza kwamba boksi haijafa, imepoteza fahamu tu. Aliing'oa, akaifungua, akaunganisha nyaya nyembamba moja kwa moja katika sahani yake ya ndani, akaandika upya namba za asili alizozipata kwa gari jingine lenye nambari zile zile kabisa kwenye kibandiko cha boksi. Ingalikuwa rahisi zaidi kama yule kijana angaliisoma boksi kwanza na kuweka nakala. Halafu akaingiza nambari za nozeli. Sikujua hili: katika injini nyingi za dizeli za kisasa kila nozeli ina nambari zake zilizochorwa juu, kwa sababu hakuna nozeli mbili zinazomwaga sawasawa, na boksi lazima ijulishwe tofauti hiyo. Kazi hiyo ilimla mjomba shilingi 18,000, za kukopa.

Gari likawaka. Lakini mlimani, ndugu msomaji, lilikuwa ng'ombe mgonjwa vile vile! Hapo ndipo mzee alipoingia. Hakuwa na laptopu. Alimwambia mtu akanyage mafuta, yeye akapitisha kiganja taratibu chini ya mpira unaopeleka hewa kutoka taabo hadi injini. Akaukamata mahali. Palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, chini ya klipu, umelowa mafuta. Injini ikiwa imetulia ufa hujifunga, hauonekani. Shinikizo likipanda hufunguka.

"Hii ndiyo ilikuwa inawasumbua," mzee akasema. Sensa ya hewa iko mlangoni, kabla ya taabo. Inahesabu hewa inayoingia na kuiambia boksi, "Hewa ni hii." Boksi inatoa dizeli ya kulingana na hewa hiyo. Lakini njiani hewa nyingine inatorokea ufani. Ni kama makanga aliyehesabu abiria kumi na wanne mlangoni, kumbe watatu wameshukia dirishani. Dizeli inazidi hewa, haiungui yote, inatoka moshi mweusi, na nguvu hakuna. Kama kuflashi kungefaulu, dizeli ingeongezwa zaidi, moshi ungezidi, na joto lingeweza kuua taabo. Ingekuwa kuongeza maji katika sufuria iliyotoboka.

Mpira mpya ulikuwa shilingi 1,800. Siku ya kumi na moja gari lilipanda hadi Nyamira likiwa limejaa.

Tangu hapo nimekuwa nikienda gereji ile siku za likizo, kwa amri ya mjomba, kuosha vyuma na kushika tochi. Ndipo wenzangu wakaniita Fundi. Yale machache niliyoyachuma nayaweka hapa kwa yeyote mwenye wazimu kama wangu.

Kwanza, usiguse kompyuta kabla ya kuukagua mwili wa gari: mipira, machujio, plagi kwa gari la petroli, betri, waya. Kompyuta haizibi ufa.

Pili, soma kwanza, usiandike. Magari mengi yana tundu la pini 16 karibu na usukani. Marekani ilililazimisha kwa magari mapya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli mwaka 2001. Mashine ndogo hutoa nambari za makosa. Mathalani P0299 ni dalili kwamba taabo haitoi shinikizo la kutosha. Nambari hiyo haisemi "nunua taabo". Inasema "angalia upande huu". Huenda ni mpira wa shilingi 1,800.

Tatu, andika nambari zote za kibandiko cha boksi, na ukiweza weka nakala ya programu ya asili mahali pawili. Asiye na ya zamani hana pa kurudi.

Nne, chaja kwenye betri, laptopu imejaa chaji, taa zimezimwa, redio imezimwa, milango imefungwa, na mtu asiyejua akae mbali. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Tano, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, upime, kisha uendelee. Ukibadilisha vitano pamoja hutajua kilichoponya wala kilichoua.

Sita, nguvu haitoki kwa programu. Hili ndilo jibu la swali la mjomba, nami nalilipa kama deni. Nguvu hutoka kwa mafuta yanayoungua na hewa. Hewa ya huku kwetu ni nyepesi. Kisii iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Nyamira juu zaidi, na shinikizo la hewa yetu ni pungufu kuliko la Mombasa kwa takriban moja kwa tano. Wanafunzi wa kidato cha tatu wakumbuke sheria za gesi. Taabo husaidia kusukuma hewa, kwa hiyo gari la taabo lina nafasi ya kuongezwa. Gari dogo la petroli lisilo na taabo hupata kidogo mno, hata ukiliflashi kila wiki. Na nguvu ikiongezwa, klachi, giaboksi na breki hazikuulizwa kama zinakubali.

Saba, kuna sheria na kuna majirani. Tangu kanuni za waziri Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, matatu zilitakiwa kufungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mwenye matatu anayetafuta mbio zaidi ya hapo anatafuta jeneza. Nao moshi mweusi huingia katika vifua vya watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule, nami ni mmoja wao.

Tena, kompyuta hudanganya ikifundishwa kudanganya. Mwaka 2015 ilifichuka nchini Marekani kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu inayotambua gari linapopimwa moshi. Likiwa penye kipimo lilitoa hewa safi, likitoka barabarani likarudia uchafu wake. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Niliposoma habari hiyo nilijicheka. Mbele ya mwalimu wangu wa darasa nilitoa maneno safi, na moshi wote niliuacha nyumbani.

Jumapili iliyofuata mimi na mjomba tulikwenda kwa yule kijana. Mimi ndiye niliyebeba laptopu, imefungwa katika leso ya nyanya. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Kijana alinyamaza, akaifungua laptopu kuangalia kama inawaka, ikawaka. Kisha akasema, "Hata mimi nilikosa. Chaja nilikuwa nayo nyumbani. Niliona uzito kuibeba kwa sababu ya mvua." Habari za zile shilingi 6,000 walizungumza wenyewe, niliambiwa ningoje nje. Tulipokuwa tukirudi mjomba aliniambia, "Sasa ukisema umejua kitu, nitakuuliza mara mbili." Mpaka leo huniuliza mara mbili. Namjibu mara zote mbili.

Nyanya amerudia vidonge vyake viwili. Mkopo wa shilingi 18,000 mjomba alimaliza kuulipa mwezi wa Desemba.

Na ile kengele ya shule? Wenzangu walitaka nifungue boksi lake lote, wakanizunguka kuona maajabu. Nilianza na swichi, nikafuata waya kwa kidole hadi mwisho. Ulikuwa umelegea kwenye skrubu moja. Niliukaza, nikamwambia mwalimu wa zamu kwamba ni waya tu. Wenzangu hawakufurahi. Kengele ililia.